Hamsini au Hamsini na Moja

"Pigeni," Vaubois alisema.

Hawakupiga. Walikaa kwenye mabenchi yao kule juu kwenye roshani ya waimbaji, kila mtu na kitabu chake kikubwa mapajani, wakimtazama kama watu waliofumaniwa. Ilikuwa asubuhi ya Alhamisi Kuu. Jua lilikuwa limeshaingia kwa madirisha marefu ya kanisa la ikulu ya Versailles, na chini kwenye sakafu ya marumaru mtumishi mmoja alikuwa bado anasugua pale pale alipoanza kusugua jana. Damu ya mtu mnene haitoki upesi kwenye jiwe jeupe.

"Jana mlipiga mpaka mabibi wa ghorofa ya pili wakadhani dari imeanguka," Vaubois akasema. "Leo mnaona haya?"

"Jana ilikuwa ibada, Bwana Afisa." Aliyejibu ni Padre Ligneul, mkuu wa waimbaji, mzee mdogo mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala. "Katika Ibada ya Giza mishumaa huzimwa mmoja mmoja. Wa mwisho hauzimwi, hupelekwa nyuma ya altare. Ndipo kwenye giza tunapiga vitabu, kuonyesha tetemeko la nchi Bwana alipokata roho. Kupiga hivi hivi tu, asubuhi, ni kama mchezo."

"Maana yake naijua, Padre. Nimebatizwa. Lakini katika tetemeko lenu mtu mzima ameanguka kutoka hapa mpaka pale, na hakuna aliyesikia. Pigeni."

Wakapiga. Mwanzo walipiga kwa uoga, kama wanaogonga mlango wa mdai. Kisha mmoja akazidisha, jirani yake akazidisha, na mara vitabu vikawa vinaangukia mbao kwa kishindo kilichotikisa vumbi kwenye mabomba ya kinanda. Vaubois alikuwa ameweka gunia la pumba juu ya ukingo. Akalisukuma. Gunia likaenda chini, na yeye aliyelisukuma kwa mkono wake mwenyewe hakusikia lilipofika. Mtumishi aliyekuwa anasugua ndiye aliyeruka na kuanza kutukana watu wa juu mmoja baada ya mwingine.

"Inatosha," Vaubois akasema.

Walinyamaza, na hakuna aliyetaka kuangalia chini. Mnajua hali ya nyumba yenye msiba ambayo marehemu hakupendwa? Watu hawajui waweke wapi mikono. Ndivyo walivyokuwa.

Marehemu aliitwa Mathurin Grimbert, mwimbaji wa besi, na tuseme ukweli, maana kuficha kunasaidia nini: hakuna aliyemlilia. Ilikuwa miaka michache tu tangu Mfalme aipige marufuku dini ya Waprotestanti katika nchi nzima. Aliyekubali kubadili dini aliitwa mwongofu mpya, akaachwa apumue. Aliyekamatwa akiendelea kusali kwa siri alifungwa mnyororo akapige makasia kwenye merikebu za Mfalme mpaka afe, na watoto wake wakapelekwa kwa masista wakalelewe wasahau baba na mama. Watu wa ikulu hawakupenda hata kuitaja dini hiyo kwa jina, walisema Dini Ile tu. Basi Grimbert kazi yake ya pili, ukitoa kuimba, ilikuwa kupeleka majina yao kwa wakubwa. Watu wote wa roshani walijua, na watu wote walimwamkia kwa adabu.

Vaubois akaenda kusimama mahali marehemu alipokuwa ameketi, benchi la mbele, ukingo ukiwa mbele ya magoti. Ukingo wenyewe mfupi, unamfikia mtu pajani. Kushoto kwake alikaa Aubin Sarrazac, besi nyepesi, mtu mwembamba wa kusini. Kulia alikaa Pompeo Baldeschi, Mtaliano wa sauti ya juu. Nafasi ya nyuma ilikuwa wazi. Hapo hukaa Ozanne, mpigaji wa baragumu lile jeusi lililopindapinda wanaloliita nyoka, na Ozanne tangu jana yuko mahabusu.

Aliyemweka ndani si Vaubois, ni mkubwa wake. Ushahidi ulikuwa kwamba siku moja kabla, mlangoni pa jikoni, mbele ya wapishi, Ozanne alimwambia Grimbert, "Iko siku nitakuvunja shingo." Mkubwa alisema hiyo inatosha. Saa sita mchana Ozanne angepelekwa kwenye chumba cha maswali, ambako mtu hufungwa miguu kati ya mbao na kabari zikapigwa nyundo mpaka akumbuke. Vaubois alishaona watu wakikumbuka mambo ambayo hayakutokea. Alikuwa na asubuhi hii tu.

Akawauliza mmoja mmoja swali lile lile: ni wakati gani ulimwona Grimbert kwa mara ya mwisho?

"Miserere ilipokwisha," akasema wa kwanza, maana ndiyo zaburi inayofunga ibada hiyo.

"Mwisho wa Miserere."

"Miserere tulikuwa tumeshamaliza, Bwana Afisa, mimi nilikuwa natafuta leso."

Akamfikia Sarrazac. Sarrazac alikuwa ameshika kitabu chake kwa mikono miwili kifuani. Alikuwa na sauti ambayo hata akisema habari za asubuhi ungependa arudie.

"Tulikuwa tumemaliza Zaburi ya hamsini," akasema. "Mshumaa ukapelekwa nyuma. Grimbert akasimama, akainama ukingoni. Alipenda kuona unafichwa wapi. Kila mwaka alifanya hivyo."

"Kisha?"

"Kisha giza. Nilikuwa napiga kitabu."

"Hukuhisi kitu pembeni yako?"

"Nilikuwa napiga kitabu, Bwana Afisa," Sarrazac akarudia, na akatazama sakafu.

Baldeschi alimfuata Vaubois mpaka kwenye ngazi. Alikuwa jitu refu lenye kidevu cha mtoto, mmoja wa wale ambao Wataliano huwakata wakiwa wadogo ili sauti isivunjike. Wenzake walimtania kila siku ya Mungu, naye aliwajibu kwa Kifaransa kibovu kilichowauma kuliko kizuri.

"Nilidhani mtanikamata mimi," akasema. "Nilishafunga na nguo. Mgeni hakosi kamba mguuni."

"Ulimsukuma wewe?"

"Nilitamani. Kutamani si kosa la polisi, ni la padre." Akatazama nyuma kama kuna mtu. "Ozanne si yeye, bwana."

"Kwa nini?"

"Ozanne hana kitabu. Mikono yake yote miwili imeshika lile linyoka lake, na akiliangusha atakatwa mshahara. Kwa hiyo wakati wa kelele yeye hupiga mguu. Jana alipiga nyuma yangu toka mwanzo mpaka mwisho, gu, gu, gu, kama punda zizini. Ubao ule ni mmoja na wangu. Nilimsikia kwenye nyayo. Hakupumzika hata kidogo."

Vaubois akamtazama. "Na hili hukulisema jana?"

"Hukuniuliza."

"Mtu analala mahabusu, wewe unangoja kuulizwa?"

Jitu lile likaanza kuzungusha pete kidoleni. Uso ulikuwa umemwiva. "Nikuambie kweli? Nilirudi chumbani nikajipikia chokoleti. Juma Kuu, mtu amekufa, mimi nakunywa chokoleti na nacheka peke yangu kama kichaa, kwa sababu Grimbert hatanisema tena. Asubuhi nikakumbuka Ozanne. Sijawahi kuona aibu kama hiyo. Na mimi nimeona aibu nyingi."

"Kuna jingine?"

"Kuna jambo la kijinga. Mshumaa ulipoondoka, kabla kelele hazijaanza, kuna kimya kidogo. Ndani ya kimya hicho Grimbert alisema neno, taratibu, huku anacheka. Alisema, 'Hamsini au hamsini na moja?'"

"Alimwambia nani?"

"Giza, bwana. Nilidhani anamwambia Ozanne. Wale wawili si ndio wachezaji karata?"

Ozanne alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na alipomwona Vaubois alijaribu kutabasamu, tabasamu likakataa. Alikuwa mtu wa mwili, mwenye mapafu ya mfua chuma, na usiku mmoja ulikuwa umemzeesha.

"Saa ngapi sasa, mkuu?"

"Bado mapema. Ulimwambia Grimbert utamvunja shingo."

"Nimewaambia watu wengi. Mke wangu nimemwambia tangu tuoane, na shingo anayo."

"Ugomvi ulikuwa wa nini?"

"Karata. Aliniibia, anavyoniibia siku zote. Anaficha karata kwenye mkono wa shati, unaiona kabisa, ukimwambia anakuuliza mjomba wako wa La Rochelle siku hizi anasali wapi." Ozanne akafuta pua kwa kiganja. "Basi unamwachia ashinde."

"Mlikuwa mnabishania alama? Hamsini na hamsini na moja?"

Ozanne akakunja uso. "Hamsini za nini?"

"Alama za mchezo wenu."

"Sisi tunacheza thelathini na moja, mkuu. Ukipita thelathini na moja umeungua. Hamsini utazipatia wapi, uchanganye karata za jirani?" Akacheka kidogo, kisha kicheko kikageuka. "Kwani ni hilo? Nimewekwa ndani kwa hesabu?"

"Karibu na hivyo."

"Mkuu, nisikilize. Mimi nililala hapa nikajiuliza kama nilimuua. Nakuapia. Nilimchukia kiasi kwamba nilianza kusema labda nilinyoosha mguu gizani, labda nilimpiga kikumbo sikujua. Wakinipiga zile kabari nitasema ni mimi. Najijua. Nitasema kabla ya nyundo ya pili." Sasa alikuwa analia waziwazi. "Na nitakuwa nimesema uongo, na watoto wangu watauamini."

Vaubois hakupenda kuwapa watu matumaini asiyokuwa nayo mfukoni. Akamwambia anywe maji, akatoka.

Alirudi kanisani taratibu. Kama neno la Grimbert halikuwa la karata, halikuelekezwa nyuma. Kulia alikuwa Mtaliano, naye ndiye aliyelisimulia. Na hamsini alikuwa ameisikia mahali pengine asubuhi hiyo hiyo, kutoka kinywa kingine.

Padre Ligneul alikuwa kwenye chumba cha kuhifadhia nyimbo, anachagua karatasi za jioni.

"Padre, nisaidie ujinga wangu. Miserere ni zaburi ya ngapi?"

"Ya ngapi?"

"Ndiyo. Namba yake."

Padre akafungua mdomo, akaufunga. Akaanza kuhesabu vidole. "Zile saba za toba... ya kwanza ni Domine ne in furore, hiyo ni ya sita. Beati quorum, thelathini na... na moja. Ngoja. Miserere ni ya nne kati yao." Vidole vikakwama. "Hamsini. Ndiyo, hamsini. Unanitahini leo, Bwana Afisa? Nimeiimba tangu nikiwa mtoto, sijawahi kuhitaji namba yake."

"Waimbaji wako wanazijua namba?"

"Hao? Waulize namba ya nyumba zao kwanza. Zaburi tunaziita kwa maneno yanayoanza. Namba wanazo wachapaji wa vitabu."

"Asante, Padre."

Namba wanazo wachapaji, na wanazo watu wengine vilevile. Vaubois alikuwa askari wa farasi kule kusini kabla hajaletwa ikuluni, na wakati ule askari walilazwa kwenye nyumba za watu wa Dini Ile, wale na wanywe na wavunje vyombo mpaka wenye nyumba wakubali kubadili dini. Ni kazi ambayo hakuna askari anayeisimulia akiwa hajalewa. Usiku waliwasikia wenyeji wakiimba kwa minong'ono nyuma ya ukuta, zaburi zile zile, ila kwa Kifaransa, na waliziita kwa namba. Leo tuimbe ya sitini na nane. Mama anaumwa, mwimbieni ya ishirini na tatu. Mtoto wao wa miaka minne anajua namba kabla ya kujua kufunga viatu. Na hesabu yao imepishana na ya Kilatini kwa moja, maana sisi Wakatoliki zaburi ya tisa na ya kumi tumeziunga na wao wameziacha mbili. Miserere yetu ni ya hamsini. Yao ni ya hamsini na moja.

Sarrazac alikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, peke yake, anakunja kanzu yake nyeupe. Kando yake palikuwa na mkate na bakuli la dengu ambalo hakuligusa. Vaubois akafunga mlango, akaegemea.

"Swali moja tu. Miserere ni zaburi ya ngapi?"

"Ya hamsini," Sarrazac akasema.

"Upesi namna hiyo?"

Sarrazac akalainisha mkunjo wa kanzu.

"Padre Ligneul amehesabu vidole mpaka vikamwishia," Vaubois akasema. "Nimewauliza watu wote kwenye roshani ile. Wote wamesema Miserere. Wewe peke yako una namba. Na umeipatia, Sarrazac, hukukosea. Mtu hafanyi bidii ya kupatia kitu ambacho hajawahi kukikosea."

Sarrazac akaendelea kukunja kanzu. Akaikunja mpaka ikawa kama kitambaa cha mfukoni, halafu haikukunjika tena.

"Nilikosea Jumapili," akasema hatimaye. "Tulikuwa tunagawa karatasi za nyimbo, nimechoka, mtoto alikuwa amekesha na homa. Nikamwambia Grimbert, nipe ile ya hamsini na moja. Ilitoka tu. Miaka yote hii najilinda, nikiota ndoto naota kwa Kilatini ili nisije nikasema kitu usingizini, halafu inatoka kwa sababu ya homa ya mtoto."

"Akasema nini?"

"Akacheka. Tangu hapo kila akinipita ananihesabia. Ngazini, mezani. Hamsini au hamsini na moja, Sarrazac? Nikamuuliza unataka nini. Nilidhani anataka kuninyang'anya kitu. Kumbe anataka majina. Nimtajie tunasalia wapi na nani. Kuna nyumba Paris, nyuma ya... hapana. Kuna nyumba. Kuna wazee humo, kuna wajane. Akanipa mpaka Pasaka."

"Na jana?"

"Jana mshumaa ulipoondoka akaniuliza tena sikioni. Tumetoka kuimba 'unirehemu, Ee Mungu', bado maneno yako mdomoni, na yeye anacheka." Sarrazac akaweka kanzu mezani. "Akainama ukingoni. Kelele zikaanza. Nikamsukuma."

"Hukukusudia?"

"Nilikusudia. Usiniandalie mlango, Bwana Afisa. Nilikusudia kwa mikono yote miwili. Kisha nikaokota kitabu changu nikaendelea kupiga. Hilo ndilo linalonikaba. Kusukuma ni hasira, hasira ina mwisho. Lakini mtu yuko chini amepasuka, na mimi niko juu napiga kitabu na wenzangu, nazingatia nisipige kwa nguvu kupita wao."

Vaubois alimwacha apumue.

"Unajua Ozanne yuko wapi?"

"Najua."

"Unajua saa sita anakwenda wapi?"

Sarrazac akafunika uso. "Mke wangu alipojifungua, Ozanne ndiye aliyebeba kuni mpaka juu. Theluji ilikuwa mpaka magotini. Hakuna aliyemwomba. Nilitaka kuja kusema."

"Lini?"

"Baada ya Pasaka. Niwaondoe kwanza Judith na mtoto. Wavuke mpaka."

"Baada ya Pasaka Ozanne atakuwa hana miguu, na atakuwa ameshasema ni yeye. Ameniambia mwenyewe. Ulikuwa unangoja asulubiwe mwingine, halafu ndiyo uje kuungama?"

Yalikuwa maneno makali, na Vaubois aliyasema kwa sauti ya chini. Sarrazac hakujitetea. Alikubali kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayekubali hesabu aliyoijua zamani.

"Nichukue," akasema. "Lakini ukiandika sababu, umemchukua na binti yangu."

Hapo ndipo palipokuwa na uzito wote, na wote wawili walipaona. Kitanzi kilikuwa cha Sarrazac, hakuna wa kukigeuza. Lakini likitajwa neno Dini Ile, jioni hiyo hiyo Judith angetiwa gerezani, mtoto angepewa masista na jina jipya, na ile nyumba ya Paris ingetafutwa mpaka ipatikane, na wazee waliomo wapelekwe kwenye minyororo. Grimbert angekuwa amepata majina yake akiwa maiti.

Vaubois akavuta kiti akaketi. Akakaa muda akitazama dengu zikiganda.

"Mpe mwimbaji sababu nyingine ya kuua," akasema.

"Sielewi."

"Mimi si mwanamuziki. Watu wenu huchukiana kwa nini?"

Sarrazac akafikiri. Ilimchukua muda, kwa sababu alikuwa mtu mpole na chuki hakuizoea. "Grimbert alipewa mstari wangu," akasema. "Kwenye wimbo mkubwa wa Jumapili ya Pasaka, ule wa mbele ya Mfalme. Kuna mstari wa kuimba peke yako. Ulikuwa wangu kila mwaka. Mwaka huu akapewa yeye."

"Ulikasirika?"

"Hapana. Nilishukuru. Nimechoka kusikika."

"Ulikasirika," Vaubois akasema. "Ulikasirika ukashindwa kulala. Utalisema hilo mbele ya mkubwa wangu, na mbele ya hakimu, na hutaongeza neno. Mtu yeyote ikuluni ataamini kwamba mwimbaji anaweza kuua kwa ajili ya mstari mmoja. Hawatauliza mara mbili."

Macho ya Sarrazac yakajaa. "Kwa nini unafanya hivi?"

Vaubois akasogeza bakuli la dengu kando. "Kuna jingine, na hilo siwezi kukusaidia. Watakuletea padre. Utapiga magoti, utaungama kwake, utapokea Komunyo, na siku yenyewe utabusu msalaba mbele ya watu. Mtu anayekwenda kufa akimkataa padre, wanajua papo hapo yeye ni nani, na wanakwenda nyumbani kwake."

Sarrazac akawa mweupe kuliko alivyokuwa wakati wa kukiri mauaji.

"Nilidhani angalau nitakufa nikiwa mimi," akasema.

"Najua."

"Miaka yote nimeimba nisichoamini, nikijiambia siku ya mwisho nitasema kweli. Ile siku nimeiweka akiba. Unajua? Ndiyo iliyonibeba." Akafuta macho kwa ile kanzu iliyokunjwa. "Mungu ataniona nikifanya hivyo."

"Atamwona na binti yako."

Nje, mtu wa ikulu alikuwa anapita akigonga vibao, maana kengele huwa zimenyamazishwa siku hizo, anaitangaza ibada. Sarrazac akasikiliza mpaka mlio ukapita.

"Mstari," akasema. "Nilikasirika kwa ajili ya mstari."

"Tena."

"Aliniibia mstari wangu. Nikakasirika, nikamsukuma."

"Vizuri. Kula kidogo, tuna ngazi nyingi."

Hakula.

Kabla ya saa sita Ozanne alifunguliwa mlango. Alisimama uani akipepesa macho, akauliza ni nani, akaambiwa, akasema si kweli, kisha akakaa chini kwenye mawe palepale, watu wakipita kando yake. Mkubwa wa Vaubois alifurahi sana. Alisema wanamuziki ni kama majogoo, akacheka, akatia sahihi.

Vaubois alirudi kwenye chumba cha nyimbo kuchukua kofia yake aliyoisahau. Padre Ligneul alikuwa amesimama katikati ya chumba na karatasi mkononi. Habari ilikuwa imeshamfikia, kwa maana ikuluni habari haina miguu lakini inakimbia.

"Sarrazac?" akauliza. "Aubin Sarrazac?"

"Ndiyo, Padre."

"Kwa nini? Wanasema sababu ya mstari. Mstari gani?"

"Wa wimbo wa Pasaka. Ule wa kuimba peke yake."

Padre akatafuta kiti kwa mkono, nyuma yake, bila kukiangalia. Hakukipata mara ya kwanza.

"Mimi ndiye niliyemnyang'anya," akasema. "Sauti ya Grimbert haikuufaa hata kidogo. Nilimpa kwa sababu alinisumbua, na Sarrazac hanisumbui kamwe. Nilisema, huyu mpole, hataona vibaya. Alipoambiwa aliniinamia akasema asante, Padre. Asante." Akaketi. "Bwana Afisa, hakusema jambo jingine? Mtu hawezi kuua kwa mstari. Lazima palikuwa na jambo jingine kati yao."

Vaubois alikuwa ameshaishika kofia. Mzee alikuwa anamtazama kama anayesubiri kufunguliwa.

"Hakusema, Padre."

"Hata neno moja?"

"Ni huo mstari tu."

Padre Ligneul akaitikia kwa kichwa. Akaanza kutafuta stola yake, ule ukanda wa shingoni wa kuungamishia, kwenye ndoano ya ukutani.

"Basi nitakwenda kumwungamisha mwenyewe," akasema. "Nimpigie magoti kwanza, kabla hajanipigia yeye. Unadhani atanisamehe?"

"Atakusamehe," Vaubois akasema, na akashuka ngazi.